Chumba cha Neema Kimejengwa Shimoni

Tantine Charline wa redioni, pokea salamu zangu katika jina la Bwana, na ukishazipokea tafadhali nisaidie, maana tangu Jumatatu sina hamu ya chakula na katika mji huu wote wa Goma sina mtu hata mmoja wa kumweleza jambo hili, wote wananiita Papa Pasta na wananitazama kama mtu mwenye majibu.

Mimi ni mmisionari na pia ni msanifu majengo, mzaliwa wa Njombe, Tanzania, na kanisa letu lilinituma huku miaka mitatu iliyopita nichore na kusimamia majengo ya huduma. Naomba uniamini nikisema bila majivuno kwamba nilipofika nilisikitika, maana watu walikuwa wanajenga kuta za mbao, bati juu, msalaba, basi, wanaimba, na mimi nikajiuliza hivi Mungu wa watu hawa hastahili hata dirisha lenye umbo, nikaapa kwamba nitawaachia jengo moja ambalo mtu akiingia atanyamaza.

Mwaka jana tulipewa kiwanja Mugunga, njia ya Sake, tujenge chekechea na mahali pa sala kwa ajili ya watoto wa familia zilizobaki hapo baada ya kambi ya wakimbizi kuondolewa. Katikati ya kiwanja kuna shimo pana la asili, kama bakuli, lililoachwa na lava, na majirani wote wamejenga juu ya matuta wakaliacha bakuli tupu, hata mahindi hawakupanda humo, nami nikasema moyoni hawa watu hawana jicho, Mungu amenichimbia msingi kwenye mwamba ambao sululu haiwezi, nao wanaukimbia. Basi nikachora Chumba cha Neema. Ngazi kumi na mbili za kushuka, moja kwa kila mtume, unashuka kama mtu anayezikwa na Kristo katika ubatizo na unapanda ukiwa mpya, na chini kuna chumba cha duara cha mawe meusi, cha baridi, ambamo watoto watalala mchana na wakubwa watasali jioni. Kuta sikuzitoboa hata tundu moja kwa sababu nilitaka mwanga uingie kutoka juu peke yake, na mlango sikuweka kwa sababu neema haina mlango. Kule nyumbani mchoro ulisifiwa sana, Tantine, Askofu wetu aliutundika ofisini kwake.

Fundi mwashi niliyempa kazi anaitwa Sikuli, mtu wa Butembo, Mkatoliki, mnyamavu. Siku ya kuanza alikuja asubuhi na mapema, akawasha mshumaa, akaufunga kwenye kamba na kuushusha shimoni polepole, midomo ikimchezacheza, na mafundi wengine wamesimama pembeni wamevua kofia. Mshumaa ukazimika. Akauwasha tena, akaushusha, ukazimika tena. Nikamuuliza unafanya nini, akaniambia, "Pasta, humu hatujengake. Iko mazuku. Mbuzi inashuka asubuhi, haipandi tena. Ona moto inakufa penye magoti, ni hivi njo tunapimaka." Nikamuuliza mazuku ni nini, akasema ni pumzi mbaya inatoka chini ya udongo, haionekani, inakaa kwenye mashimo na inaua.

Sasa Tantine, jiweke mahali pangu. Mimi ni mtumishi wa Mungu, nimeona mshumaa, nimeona midomo inacheza, nimeona kofia zimevuliwa, nimesikia habari ya kitu kisichoonekana kinachokaa chini ya ardhi na kuua mbuzi, ningefikiri nini? Nilifikiri ni tambiko. Nikamnyang'anya ule mshumaa mbele ya mafundi wote, nikamwambia aliye ndani yetu ni mkuu kuliko vya chini ya udongo. Akanijibu, "Mimi niko maçon, Pasta, siko muchawi," akaokota mwiko wake na pimamaji. Nikamwondoa kazini siku hiyohiyo, na Jumapili nikahubiri saa nzima juu ya watu ambao imani yao inazimika kama mshumaa penye magoti, na jina lake nililitaja, naye alikuwepo, alikuja kusindikiza mke wake Émérance ambaye anasali kwetu.

Mafundi wengine walibaki, ila kila siku walikataa kushuka kabla ya saa nne, mpaka jua lipande na upepo uvume, na hata wakishuka hawakukaa chini kupumzika, nami nikawaita wavivu. Chumba kikaisha. Ni kizuri, Tantine, sitakudanganya, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuchora.

Ijumaa iliyopita, kabla ya uzinduzi, nilitaka picha ya kupeleka nyumbani, watoto wamelala kwenye mikeka na mwanga unawashukia. Nikamwambia mwalimu Fabiola awalete saa moja asubuhi kwa sababu saa hiyo mwanga ni laini, akaomba tungoje saa nne, nikakataa. Mikeka kumi na sita alikuwa ameitandika jana yake mchana, watoto wakawa wanabishana ngazini, mmoja tu, Bénita, wa miaka minne, mtoto mtiifu, akashuka na kulala kama nilivyomwelekeza. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na simu yangu, mimi ni mrefu, sikusikia chochote. Nikapiga picha tatu, na katika ile ya tatu Bénita alikuwa amefumba macho vizuri kabisa, nikamsifu. Nikamwambia vizuri sana, baki hivyohivyo.

Fabiola ndiye aliyepiga kelele kutoka juu, "Pasta, mutoto hapumue! Mutoto hapumue!" Akateremka zile ngazi mbilimbili, akamnyakua, akayumba, akapanda naye mpaka kwenye tuta, na baadaye aliniambia kwamba alipoinama tu kichwa kilianza kuzunguka. Mimi nikapanda nyuma yao, nikamwekea mtoto mikono na kuomba kwa sauti, na nikiwa katikati ya maombi Bénita akakohoa, akatapika, akafungua macho. Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wakapiga haleluya. Wakasema amefufuka, nami sikusema ndiyo wala hapana, nililia tu, na Jumapili ushuhuda ulitolewa kanisani, na kabla sijajizuia nikawa nimeandika nyumbani kwamba katika Chumba cha Neema mtoto aliyekufa amefufuliwa.

Jumatatu alfajiri nilichukua mshumaa nikaenda Mugunga peke yangu. Nikashuka. Kifuani uliwaka, kiunoni ukawaka, penye magoti ukazimika. Nikauwasha mara tatu.

Sasa Askofu anakuja kuzindua Jumapili ya wiki ijayo na wageni kumi na moja, wanataka kumwona Bénita na wanataka kuona mahali alipofufukia, na watoto wamepangwa kulala pale wakati wimbo unaimbwa. Naomba ushauri wako. Je, nikiweka feni, haitatosha? Je, nikiondoa mikeka na kuweka vitanda virefu? Na ule ushuhuda, nikiukanusha sasa sitakuwa nimebomoa imani ya wadogo hawa, ambayo ndiyo kazi iliyonileta? Kwa sasa nimewaambia watu wasishuke kwa sababu rangi haijakauka. Halafu kuna huyu Sikuli, ambaye kila tukikutana njiani ananisalimia vizuri tu, "Jambo Pasta, habari ya kazi," na hiyo inaniumiza kuliko angenitukana. Tafadhali usinitaje jina.

Mtumishi aliye njia panda, mtaa wa Keshero

*

Papa Pasta wa njia panda,

Barua yako uliiacha mapokezi pale redioni Jumanne mchana. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa na ya pili nimesimama, na nakuambia ukweli, katika miaka tisa ya kusoma barua za waume wanaokimbia na mawifi wanaoroga chakula, sijawahi kutamani kumvuta mtu sikio kama nilivyotamani kukuvuta wewe.

Pole kwa kukosa hamu ya chakula. Pole hiyo ni ya kweli. Lakini umeniandikia karatasi nne, na nimezipitia na kalamu mkononi. Ngazi zako umezieleza, mwanga wako umeueleza, mchoro uliotundikwa ofisini umeueleza. Bénita amengoja karibu mpaka mwisho, na hata alipofika ulikuwa unamsifu kwa kufumba macho! Mama yake hayumo kabisa katika barua yako. Umekwenda kwake? Umemwambia mtoto wake alilala kwenye nini? Au na yeye umemwambia rangi haijakauka?

Unasema nijiweke mahali pako. Nimejaribu, nimeshindwa. Mimi nimezaliwa hapa. Mtoto wa Goma, kabla hajajua kusali Baba Yetu, mama yake amekwisha kumwonyesha shimo na kumwambia humo usiingie asubuhi, humo usiinamie mpira. Ni gesi, Papa Pasta. Inatoka kwenye mwamba kwa sababu ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inatulia chini kama maji kwenye beseni, haina rangi na pua haiisikii. Jua likipanda na upepo ukivuma inapungua. Ndiyo maana mafundi wako walingoja saa nne, wale uliowaita wavivu. Walikuwa na watoto nyumbani, walitaka kurudi. Na shimo lilipokuwa wazi, angalau upepo ulipita. Wewe ukaja na shahada yako, ukalizungushia ukuta usio na tundu ili mwanga upendeze.

Miaka mitatu umekaa hapa. Je, hukuona kwamba watu ambao hawana hata hatua mbili za kupanda mboga wameacha shimo zima tupu? Ulidhani hawalioni? Mtu wa Mugunga anaijua kila pembe ya udongo inayoweza kubeba nyumba, na akiiacha, kuna sababu. Ungemuuliza mwanamke yeyote anayetwanga sombe ya muhogo pale, angekueleza bila mshumaa. Lakini wewe hukuja kuuliza, ulikuja kuleta dirisha lenye umbo.

Na zile nyumba za mbao ulizozisikitikia, tumezijenga hivyo kwa sababu mlima umekuja na lava yake mara nyingi na vita vimekuja mara nyingi zaidi, na mbao zinapigiliwa upya. Hatukukosa akili ya kujenga mawe.

Nije kwa Sikuli. Wewe unahubiri kwamba Mungu hutuma wajumbe. Sawa, alikutumia mmoja, asubuhi na mapema, ana mwiko na pimamaji, akakupimia hatari mbele ya macho yako, mara mbili, bure. Ukamwita mchawi kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza. Mtu anashusha moto kwenye shimo linaloua, unataka apige mluzi? Alikuwa anasali, baba! Anasali kama wewe unavyosali, kwa Mungu huyohuyo. Halafu ukamtaja jina kanisani, mke wake ameketi pale anasikia. Nimeona aibu kwa niaba yako.

Sasa majibu yako, na uyashike. Feni hapana. Feni inasukuma hewa, na shimo linaendelea kutoa yake, na siku umeme ukikatika, unajua mwenyewe unavyokatika hapa, utakuwa na watoto kumi na sita wamelala chini ya feni iliyosimama. Vitanda virefu hapana. Mtoto wa miaka minne halali tu, anaanguka, anashuka, anatafuta kiatu chini ya kitanda. Hicho chumba kijaze. Kijaze mawe ya volkano mpaka kiwe sawa na tuta, mtume wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, wafunike wote, na kabla hujaweka sakafu juu yake waite wale wanaopima gesi za volkano waje na vyombo vyao, na wakisema usijenge, usijenge. Darasa liweke juu, kwenye tuta, la mbao, madirisha pande zote, hata kama hayana umbo.

Leo hii, kabla ya chai, nenda kwa mama yake Bénita. Usiende na Biblia mkononi, utaifanya ngao. Mweleze yote, na picha ile ya tatu umwonyeshe, kisha uifute akiwa anaona. Mpeleke mtoto kwa daktari, na daktari ajue alivuta nini.

Halafu mwandikie Askofu asije. Au aje, na umshike mkono umpeleke ukingoni na mshumaa, aone mwenyewe penye magoti. Unaniuliza kama ukweli utabomoa imani ya wadogo. Papa Pasta, wadogo hao wamezikimbia nyumba zao mara mbili, mara tatu, wamelala chini ya maturubai, na bado Jumapili wanakuja kuimba. Imani yao haikujengwa na ushuhuda wako. Anayeogopa kubomoka ni wewe. Na muujiza, ukiutaka, upo. Mungu alimpa Fabiola macho ya kuona kifua cha mtoto kisichopanda wakati wewe unaangalia simu, akampa miguu ya kushuka ngazi mbilimbili. Simama kanisani Jumapili useme hivyo, kwa sauti ileile uliyomwitia Sikuli mtu aliyezimika, na mbele ya watu walewale, na umwombe msamaha kwa jina lake. Usifanye saa nzima. Dakika tano zinatosha, na usitie mistari.

Jambo la mwisho. Kuna neno moja katika barua yako lililonifanya nisimame. Umesema umewazuia watu kwa sababu ya rangi. Chumba hakina mlango, Papa Pasta. Wewe mwenyewe umejivunia. Mtoto gani wa Mugunga, kwenye joto la saa saba au kwenye mchezo wa kujificha asubuhi, amewahi kuogopa rangi mbichi? Uliandika Jumanne, kipindi changu ni Jumamosi. Siku nne uliziona ni sawa kungoja redio.

Mimi sikuziona sawa. Uliniomba nisitaje jina lako, na sikulitaja na sitalitaja. Kuhusu shimo hukuniomba kitu. Pasta anayechora nyumba zinazoshuka chini yuko mmoja tu mji mzima, nilipiga simu mbili nikampata Sikuli. Nilimweleza kwa maneno machache. Hakucheka, na nilitegemea angecheka kidogo, angalau. Alisema tu, "Tantine, ule mulango wazi njo unanisumbuaka. Kila siku napita kule kuangaria kama hakuna mutoto." Kila siku, Papa Pasta, tangu ulipomfukuza. Ndiyo maana mnakutana njiani.

Jumanne hiyohiyo, kabla jua halijazama, alikwenda na mbao zake mwenyewe na misumari yake mwenyewe, akaliziba lile pengo la neema lisilo na mlango kutoka juu mpaka chini. Fabiola alimshikia mbao. Ukifika leo utakuta pamefungwa, na usithubutu kubandua hata ubao mmoja kwa ajili ya Askofu. Siku lori la mawe likifika ndipo zitatoka, na wa kuzitoa ni yeye, nyundo anayo yeye. Nenda kamwombe. Nyumba yake utaiona kwa urahisi, ni ya mbao, iko juu ya tuta.

Tantine Charline